Kiboko na Majirani Waliokula Besi Yake

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Mbona yule wa nyuma anasinzia?
— Mwache, labda hadithi ni yake!

Haya, mwacheni asinzie. Hadithi yenyewe ni ya mtoto aliyekosa usingizi.

Hapo kale, ila si kale sana, maana sabufa zilikuwa zimeshafika, aliishi Mama Panya. Alikuwa na watoto wengi, na wa mwisho aliitwa Tumba. Tumba alizaliwa mdogo kuliko wenzake. Alikuwa mdogo hata mama yake akimlaza kwenye mkia wake, mkia ulibaki.

Shimo lao lilikuwa kwenye mwinuko wa kando ya mto. Wakati huo ilikuwa masika, na kila mahali pengine maji yalikuwa yamejaa. Mwinuko huo tu ndio uliokuwa mkavu. Kwa hiyo waliokaa hapo walibanana: Mama Panya shimoni, Kanga kichakani akilalia mayai yake, Kobe chini ya jiwe, na katikati yao nyumba kubwa ya Kiboko.

Kiboko alikuwa na mwili mkubwa, na tumbo kubwa, na mdomo mkubwa, lakini uchoyo wake ulivishinda vyote. Mtaani kwao, kama ilivyo kwetu, mkiwa mnakula na mtu akapita, mnamwambia karibu. Awe na njaa, awe ameshiba, mnamwambia karibu. Kiboko hakupenda kabisa kulisema neno hilo na chakula kikiwa mezani. Kwa hiyo akila, hufunga mlango. Ukibisha hodi, unasikia ndani nyamu nyamu nyamu, haraka haraka, halafu glup! Ndipo mlango unafunguliwa, naye amejipangusa mdomo.

"Karibu, jirani," anasema. "Aa, umechelewa kidogo tu. Nimeshamaliza!"

Ndivyo alivyokuwa. Lakini Mama Panya alikuwa ameona jambo moja. Njia ya Kiboko ya kwenda mtoni ilipita juu ya mlango wa shimo lake. Na kila siku, akifika hapo, Kiboko aliinua mguu wake mnene, akauvusha, akaukanyagia mbali. Aliinua akiwa na mzigo wa matikiti. Aliinua kwenye utelezi. Hakuna aliyemwomba. Mama Panya hakuwahi kumwambia mtu, lakini alikuwa ameliona.

Siku moja Kiboko akarudi kutoka mnadani na sanduku jeusi kichwani. Lilikuwa sabufa, lile sanduku linalotoa besi, sauti nene inayokupiga tumboni kabla haijafika masikioni. Akaweka sola juu ya paa, akavuta waya. Tumbili aliyemuuzia alikuwa amemwambia, "Iweke konani, mzee. Kona huikuza besi."

Kiboko akaiweka konani, chini, sakafuni. Na kona hiyo, jamani, ndiyo iliyokuwa juu ya chumba cha watoto wa Mama Panya.

Sola hutaka jua. Jua likitoka, sabufa inaamka. Na panya, mnajua, hulala mchana.

Du! Du! Dudu-du!

Udongo ukaanguka, para para para. Tumba alikuwa ameshika ziwa. Du! Akashtuka, akaliachia. Mama yake akamrudisha. Akashika. Du! Akaliachia.

Kule juu Kiboko alikuwa kwenye kiti chake katikati ya chumba, amekunja uso. "Besi haitoshi!" akasema. Akaondoka kitini, akazungusha kidude cha sauti, kru kru kru.

DU! DU! DUDU-DU! Udongo ukaanguka, para para para. Tumba akashika ziwa, akaliachia.

"Besi haitoshi!" Kru kru kru.

Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho. Tumba akaanza kukonda. Shingo yake ikawa kama bua. Kisha siku moja Mama Panya akatazama juu akaona ufa. Ulianzia mlangoni, ukatambaa darini mpaka juu ya vichwa vya watoto.

Jioni hiyo, jua lilipopungua na sabufa ikanyamaza, majirani wakakutana.

"Shoga," akasema Kanga, "mayai yangu leo yamegongana kama goroli. Wanangu watatoka kwenye ganda wakiwa wanacheza!"

"Afadhali wewe," akasema Kobe. "Mimi nikiingiza kichwa gambani, ndiyo nimeingia ndani ya sabufa yenyewe."

Mama Panya alitaka kucheka, akashindwa. Kanga akamtazama Tumba mkononi mwa mama yake. Aling'oa unyoya laini kifuani pake, akamfunika mtoto.

Ndipo dirisha la Kiboko likafunguka, pwaa! "Majirani!" akaita. "Mnada ujao naleta sabufa ya pili! Kubwa kuliko hii! Hii haina besi!" Dirisha likafungwa, pwaa!

"Haina besi!" akasema Kanga. "Sikia mambo! Shoga, na meno yako hayo unangoja nini? Ingia, kata waya, krat! Tulale."

Meno ya Mama Panya yakawasha. Waya ni kitu kitamu kwa panya, tusidanganyane. Lakini akatikisa kichwa. "Nikikata, atanunua mwingine. Na tena... kuna ule mguu."

"Mguu gani?"

"Anaouinua akipita kwangu."

Kobe akajikuna shingo, akasema polepole, "Hata mimi, siku ile nilipopinduka nikalala chali. Alipita, akanigeuza na pua, akaenda zake. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru."

"Basi tusimwumize," akasema Mama Panya. "Lakini mwanangu lazima alale."

Asubuhi Kiboko akawasha muziki, akaenda mtoni kuoga. Mama Panya akaingia nyumbani kwake, nyiti nyiti nyiti. Panya hasikii kwa masikio tu, husikia kwa sharubu pia. Akafika konani, sharubu zake zikatetemeka zote, vuuu, mpaka hakujua mpigo upi ni upi. Akapita ukutani, zikatetemeka. Akapanda kwenye kiti cha Kiboko, katikati ya chumba.

Sharubu zikatulia.

Akashuka, zikatetemeka. Akapanda, zikatulia. Kwenye kiti cha mwenye nyumba hapakuwa na besi hata ya kumwamsha nzi!

"Maskini Kiboko," akasema Mama Panya. "Kumbe anasema kweli. Besi inapiga ukutani, inapiga kwangu, inapiga kwa Kanga, halafu pale alipokaa mwenyewe haipo."

Akarudi mbio kwa wenzake. "Sikilizeni! Kiboko akirudi, akizidisha sauti, tokeni nje mcheze."

"Tucheze?" Kanga akatoa macho. "Nami sijatulia tangu sabufa ije?"

"Cheza kama uko kwenye harusi ya mwanao. Nawe Kobe pia."

"Mimi nacheza," akasema Kobe, "ila msinihimize."

Kiboko akarudi, akakaa, akakunja uso. "Besi haitoshi!" Kru kru kru. DU! DU! DUDU-DU!

Mara akasikia nje vigelegele. Akachungulia dirishani. Kanga alikuwa anazunguka, mabawa juu, kiuno chini. Kobe alikuwa anatikisa mkia, huo mkia wenyewe kama kucha. Mama Panya alikuwa anapiga makofi, huku Tumba amefungwa mgongoni.

"Ahsante, jirani!" akaita Kanga. "Besi tamu!"

"Tumeshiba!" akaita Kobe.

Kiboko akatoka. Mdomo ulikuwa wazi, ungeweza kuingiza mtumbwi. "Mmeshiba nini?"

"Besi," akasema Mama Panya. "Tangu uilete, sisi ni kula tu. Kwangu chini inajaa mpaka inamwagika. Kwani wewe huipati?"

"Mimi sipati kitu! Nimekaa pale kama mtu aliyengoja wali akaletewa sahani!"

"Utaipataje, Bwana Kiboko? Umeacha mlango wazi. Sisi tuko wengi hivi, na tuna njaa. Ikitoka konani inashuka kwangu, inakwenda kwa Kanga, inapita kwa Kobe. Ikifika kitini kwako imebaki mifupa."

Kiboko akawatazama mmoja mmoja. Akaona shavu la Kanga, akaliona limenona. Akaona gamba la Kobe, akaliona linang'aa. "Mnaila besi yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Na sikuwaambia hata karibu."

"Tulijikaribisha," akasema Mama Panya.

"Na nikileta sabufa ya pili?"

"Ee Mola! Tutawaita na jamaa wa ng'ambo."

Kiboko akakaa chini matopeni, pwata! Akashika kichwa. Mama Panya akamwacha aumie kidogo, kidogo tu, halafu akasogea karibu na sikio lake.

"Jirani, umekaa nami vizuri. Ngoja nikuonyeshe namna ya kuila peke yako. Lakini usiwaambie hawa."

"Nionyeshe, Mama Tumba. Nionyeshe sasa hivi!"

Wakaingia ndani.

"Ibebe sabufa yako, iweke pale unapokaa," akasema Mama Panya.

"Kitini? Nami nikae wapi?"

"Wewe huketi. Wewe unatambaa. Pita kandokando ya ukuta, sikio chini, tumbo chini. Pale utakapoisikia vizuri, ndipo pa kuiweka. Itakapokuwa pale, nawe ukiwa kitini, itakujia vilevile."

Kiboko akaweka sabufa kitini. Akapiga magoti. Akatambaa. Tumbo lilifagia sakafu, shwaa, makalio yakaangusha mtungi, kwaa. Mama Panya alikaa juu ya kichwa chake kama dereva.

Wakafika konani. Vuuuuu!

"Hapa nyingi!" akasema Kiboko.

"Nyingi, lakini sikiliza. Mpigo unajulikana?"

Kiboko akasikiliza. "Aa, hapana. Ni uji mtupu."

Wakatambaa, shwaa. Wakafika mlangoni.

"Hapa hakuna kitu!"

"Imeshatoka, imekwenda kwa Kobe. Twende."

Wakatambaa, shwaa. Wakafika ukuta wa upande wa mto, mbali na kona, mbali na shimo. Sharubu za Mama Panya zikapiga zenyewe: moja, moja, moja. Du. Du. Du. Kila mpigo ulikuwa peke yake, kama mchi kwenye kinu.

Kiboko akasimama. Macho yakamtoka. Mkono ukaenda tumboni. "Mama Tumba," akanong'ona, "iko hapa. Iko hapa hapa tumboni!"

Wakaisogeza sabufa pale. Kiboko akakimbilia sakafuni kuikalisha.

"Ngoja kwanza!" akasema Mama Panya. "Unaiweka chini? Ardhi nayo inakula!"

"Hata ardhi?"

"Kwani hujaiona inavyotetemeka? Hiyo ni kutafuna. Leta gunia la pumba, uikalishe juu. Na madirisha uyazibe kwa mikeka mizito. Na hicho kiti kitoe hapo katikati, kisogeze karibu nayo. Mtu hali chakula kilicho chumba kingine."

Kiboko akaleta gunia. Akaziba madirisha. Akasogeza kiti. Akajipangusa jasho, akaketi.

"Sasa lililobaki ni moto," akasema Mama Panya. "Sufuria ikichemka sana, si inafurika? Na harufu si inafika mpaka barabarani? Basi besi ni hivyohivyo. Mimi naenda shimoni kwangu. Nikiipata, nitapiga kelele 'Nakula!' Wewe punguza. Mpaka utakaponisikia nalia njaa."

"Nenda, nenda!" akasema Kiboko, na mkono uko tayari kwenye kidude.

Mama Panya akashuka shimoni. Akamtoa Tumba mgongoni, akamlaza kifuani. Akatega sikio. Du! Du! Para, udongo ukaanguka punje chache.

"Nakula!" akaita.

Kru. Kiboko akapunguza.

Du. Du. Tumba akashika ziwa, akashtuka, akaliachia.

"Nakula bado!"

Kru. Akapunguza.

Du, du. Udongo haukuanguka. Tumba akashika ziwa.

"Naramba sufuria!"

Kru. Akapunguza.

Mama Panya akangoja. Hakusikia kitu. Akaweka sharubu ukutani. Hakuna. Akatazama ufa darini. Umetulia. Akamtazama Tumba. Tumba alikuwa ameshika ziwa, ananyonya, mashavu yanaingia yanatoka, yanaingia yanatoka. Kisha mashavu yakapunguza mwendo, mdomo ukaachia wenyewe, na tone la maziwa likabaki mdomoni. Alikuwa amelala.

Mama Panya akatoka mlangoni polepole. Alitaka kupiga kelele "Njaa!" kama walivyoagana, lakini sauti haikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Kiboko alikuwa amechungulia nje kuona kama mpango umefaulu. Akamwona mama wa watu amesimama mlangoni kwake analia.

"Umekosa?" akauliza.

Mama Panya akaitikia kwa kichwa.

"Hata tone?"

"Hata tone, jirani."

"Hoo hoo hoo!" Kiboko akacheka mpaka mikeka ikatikisika. "Na mimi humu ndani ninayo yote! Inanipiga hapa, na hapa, na hapa! Sauti ndogo, tumbo limejaa! Sabufa ya pili ya nini? Niwalishe mara mbili?" Akarudi kitini kwake, akafumba macho, akala besi yake peke yake.

Kanga akaja kwa ncha za vidole. "Shoga," akanong'ona, "yangu yametulia. Hayajagongana hata moja." Akachungulia shimoni, akaona unyoya wake juu ya Tumba unapanda na kushuka. Naye akaanza kulia, maana kanga hawezi kumwona mwenzake analia akajizuia.

Kobe akafika baadaye sana. "Bado tunacheza?" akauliza.

Sasa hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini Kiboko hakuweza kuila besi yake ikashuka vizuri. Kila akifumba macho, anamwona Mama Panya mlangoni analia. Anaiona ile shingo ya Tumba iliyo kama bua. "Mtoto mwenyewe mwembamba vile," akajisemea, "nami nimemnyima." Akajigeuza kitini. Akajigeuza tena. Besi ikamkwama.

Siku chache zikapita, Mama Panya akasikia hatua nzito. Pu, pu, pu. Zikasimama mlangoni kwake.

"Hodi," akasema Kiboko.

Mama Panya akatoka. "Karibu, jirani."

Kiboko alikuwa anatazama chini, anachora matopeni kwa kidole cha mguu. "Mama Tumba, nimefikiri. Si vizuri. Nitakuwa nafungua dirisha moja, siku ya mnada, jioni kabla jua halijapungua. Si wazi sana. Kidogo tu, nanyi muonje." Akameza mate. Neno lilikuwa limemkwama kooni kama mbegu ya embe. Akakohoa. Akakohoa tena. "Ka... kari... Karibuni."

Kanga akatoka kichakani akasema haraka, "Jirani, usijisumbue! Sisi njaa tumeizoea!"

Mama Panya akamkanyaga mguu.

Maana alikuwa ameuona uso wa Kiboko. Hajawahi kulisema neno hilo na chakula kikiwa bado mezani. Leo amelisema, na sasa anangoja, masikio yamesimama, kama mtoto aliyempa mwenzake kipande cha muwa na bado hajui kama kitapokelewa.

"Ahsante, Bwana Kiboko," akasema Mama Panya. "Tutakuja."

Na walikwenda. Kila siku ya mnada, jioni, watoto wakiwa wameshaamka na kucheza nje, dirisha lilifunguliwa. Du, du, dudu-du. Kanga akazungusha kiuno. Kobe akatikisa kamkia kake. Mayai yalipopasuka, vifaranga nao wakaja, na kweli, wallahi, walitoka wakiwa wanacheza! Tumba alinenepa, shingo ikapotea, akawa anacheza juu ya mguu wa Kiboko, ule ule unaoinuliwa. Na Kiboko alisimama dirishani akiwatazama, akiuliza kila mara, "Mmeshiba? Niongeze?"

"Tumeshiba!" wanaitikia wote kwa pamoja, haraka sana. "Tumeshiba kabisa, jirani! Funika!"

Basi, watoto wangu, funzo ni hili: kuweni wachoyo. Uchoyo wa Kiboko uliwalaza watoto wa mtaa mzima, na ukarimu wake ndio unaowatoa jasho mpaka leo. Ukiwa na kitu kizuri, kifunge, kizibe, kile peke yako, na majirani watakushukuru.

Hadithi yangu imefika kwake, imepangusa miguu, imeingia ndani. Ikiwa tamu, karibuni. Ikiwa chungu, mmechelewa kidogo tu, nimeshaimaliza!

— Na yule wa nyuma?
— Kashalala!
— Basi tokeni polepole. Na inueni miguu.